Kasi ya Kumbukumbu ya Kompyuta ya Mwalimu

Asubuhi, nyumba ya fundi bomba haikuwa na kelele. Lakini ilikuwa na mazungumzo mengi kuliko nyumba yoyote ya mtaa ule.

Binti yake alikuwa na miaka kumi na moja. Hakuwa akisikia tangu kuzaliwa. Alizungumza kwa mikono, kwa lugha ya alama. Alizungumza akinywa chai. Alizungumza akifunga viatu. Alizungumza hata akipiga mswaki, maana hakuuhitaji mdomo. Bibi yake alimwita Chiriku, kwa jina la yule ndege asiyejua kunyamaza. Jina likamganda.

"Mama Chiriku, mwambie mwanao anywe chai kwanza," Bibi alisema Jumatano moja. "Chai inapoa. Habari zake hazipoi."

Bibi alikuwa mama mzazi wa fundi bomba. Alikuwa na miaka themanini na minne, na masikio yake yalikuwa mazima kabisa. Alipenda kukaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Hapo aliona wanaoingia na wanaotoka, na wote aliwauliza maswali.

Mama Chiriku alikuwa mwalimu. Alifundisha katika shule ya watoto viziwi, na Chiriku alisoma hapo hapo. Miezi minne mfululizo, mwalimu alikuwa akimpiga binti yake picha za video nyumbani. Alitundika kitambaa cha buluu ukutani. Alisimamisha simu juu ya rundo la vitabu. Chiriku alisimama mbele ya kitambaa na kuonyesha alama moja moja. Maji. Njaa. Naumwa. Naogopa. Samahani. Njoo nikukumbatie. Alama mia tatu kwa jumla.

Kazi hiyo haikuwa ya mchezo. Jumamosi ya wiki ile, wazazi tisa wangekuja shuleni. Watoto wao walikuwa wamejifunza lugha ya alama. Wao wazazi hawakujua hata alama moja. Waliishi na watoto wao nyumba moja, wakala sahani moja, lakini hawakuweza kuzungumza nao. Waliomba ruhusa kazini ya siku moja tu. Kwa hiyo mwalimu alitaka kila mmoja arudi kwake na somo zima ndani ya simu yake, aendelee kujifunza taratibu.

Vipande vyote vya video vilikuwa ndani ya kompyuta yake mpakato. Kilichobaki ni kuviunganisha viwe somo moja. Na hapo ndipo mambo yalipokwama.

Jumatano hiyo, alipotoka shuleni, mwalimu aliweka kompyuta juu ya meza ya kulia chakula. Alifungua programu ya kuunganisha video. Akaweka kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alipofika cha ishirini na kitu, skrini iliganda. Chiriku wa kwenye video alibaki na mkono hewani, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Kiduara kidogo kikaanza kuzunguka. Kikazunguka, kikazunguka.

Chiriku mwenyewe alikuja kutazama. Akamwambia mama yake kwa mikono, "Mwambie ashushe mkono. Utakufa ganzi."

Mwalimu alicheka kidogo. Kisha programu ikajifunga yenyewe. Kazi yote ya mchana ule ikapotea. Mwalimu akaacha kucheka.

"Siku zimebaki mbili," alisema. Alifunika uso kwa viganja vyake.

Mume wake alikuwa amesimama jikoni akinawa mikono. "Hiyo inataka kuongezewa kumbukumbu," alisema. "Mwenzangu kazini, yake ilikuwa hivyo hivyo. Akaongeza, ikapona. Niachie mimi."

"Unajua ni ya aina gani?"

"Mke wangu, kumbukumbu ni kumbukumbu."

Kesho yake, Alhamisi, fundi bomba alirudi mapema na pakiti ndogo mkononi. Mwalimu na Chiriku nao walikuwa wamerudi kutoka shuleni. Fundi bomba aliiinua pakiti juu, ili hata Bibi aione kutoka mlangoni.

"Dawa imefika," alisema. "Nimeomba kubwa, nimepewa kubwa."

Aliigeuza kompyuta kifudifudi. Alifungua skrubu za mfuniko wa chini. Ndani kulikuwa na bamba la kijani lenye vidude vidogo vingi sana, vimejipanga kama nyumba za mji zikionekana kutoka juu ya mlima. Upande mmoja palikuwa na kipande chembamba, kirefu kama kidole cha kati. Hicho ndicho kilikuwa kipande cha kumbukumbu. Pembeni yake palikuwa na nafasi tupu ya kipande kingine.

Fundi bomba alichukua kipande kipya. Akakielekeza kwenye ile nafasi. Hakikuingia. Akakigeuza. Hakikuingia. Akakirudisha kama mwanzo.

"Kitaingia tu," alisema. "Vitu vipya huwa vigumu kidogo."

Akaweka kidole gumba juu yake. Kidole hicho kilikuwa kimekaza mabomba kwa miaka ishirini. Akabonyeza.

Paa!

Chiriku alikuwa amepiga meza kwa kiganja. Katika nyumba ile, hiyo ndiyo namna ya kumwita mtu kwa haraka. Wote walimtazama. Mikono yake ilikuwa mikali. "Acha, baba! Bamba linapinda!"

Fundi bomba aliondoa kidole kama aliyegusa chungu cha moto.

"Mwiteni Bisibisi," Bibi alisema kutoka kwenye kiti chake, "kabla hamjaizika hiyo mashine."

Bisibisi alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Mwanamke wa makamo, mcheshi, mwenye sauti nene. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mitambo ya hospitali, ile ya kupima moyo na ya kusaidia watoto wachanga kupumua. Jina hilo alilipata kwa sababu daima alikuwa na bisibisi moja ndogo aliyoichomeka kwenye nywele zake. Watu walisema hulala nayo. Yeye hakukana.

"Hodi humu. Mgonjwa ni nani?" aliuliza mlangoni.

"Mgonjwa ni kompyuta, na anayemuua ni mwanangu," Bibi alijibu. "Pita, mwanangu. Karibu."

Bisibisi aliisogelea meza. Hakugusa kitu. Alitazama tu, mikono ikiwa nyuma. "Shemeji, umeizima?"

"Nimeizima."

"Waya wa umeme umeuchomoa?"

"Nimeuchomoa."

"Na betri?"

Fundi bomba aliinama kuitafuta kwa macho.

"Betri bado inaipa umeme," Bisibisi alisema. Alichomoa bisibisi nyweleni, akaitenganisha betri. Kisha akagusa mguu wa chuma wa kiti. "Na hili pia msilisahau. Mwili wa mtu hubeba umeme kidogo. Ndio ule unaokushtua ukivua sweta. Kwako ni mshtuko mdogo, lakini vidude hivi unaweza kuviua. Gusa chuma kwanza umwage huo umeme."

Mwalimu alikuwa akieleza yote kwa mikono, ili Chiriku naye apate. Chiriku akagusa mguu wa kiti. Akagusa tena, kwa uhakika zaidi.

Bisibisi alikitoa kile kipande cha zamani, akakilaza mezani karibu na kile kipya. "Tazameni ukingo wa chini, huu wenye meno ya rangi ya dhahabu. Mnaona kijipengo kimoja katikati ya meno?"

Waliona.

"Sasa linganisheni."

Fundi bomba aliinama mpaka pua ikakaribia meza. Pengo la kipande kimoja lilikuwa mahali tofauti kabisa na pengo la kipande cha pili.

"Shemeji," Bisibisi alisema, "ukipewa bomba lenye uzi wa aina moja, na kiungo chenye uzi wa aina nyingine, unafanyaje?"

"Siviunganishi. Nikilazimisha, nitaua uzi, na maji yatavuja."

"Basi umeshajijibu. Hivi ni vizazi viwili tofauti. Hiki cha zamani kimeandikwa DDR4, yaani kizazi cha nne. Chako ni DDR3, kizazi cha tatu. Waliotengeneza wameweka pengo mahali tofauti makusudi, ili hata mtu mwenye kidole kama chako ashindwe."

Bibi aliangua kicheko. Fundi bomba naye akacheka, ingawa kwa kuchelewa. "Nimekiharibu?"

Bisibisi alikiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akakagua jino moja moja. "Umeokolewa na huyu Chiriku. Kizima. Bamba nalo zima. Dukani watakubadilishia. Lakini kabla hujaenda, kuna mambo matatu ya kujua. Aina, ukubwa, na kasi. Ungekwenda dukani bila kuyajua, ungerudi hapa mara tatu."

"Kasi?" mwalimu aliuliza. "Kumbukumbu ina kasi?"

"Ina kasi ya kutisha," Bisibisi alisema. "Ngoja kompyuta ijitaje yenyewe."

Alikirudisha kipande cha zamani mahali pake. Akarudisha betri na mfuniko. Akamwambia mwalimu akae mbele ya kompyuta. "Kaa wewe. Nikifanya mimi, utasahau."

Kompyuta ilipowaka, Bisibisi alielekeza. "Bonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Ctrl, Shift, na Esc."

Mwalimu alibonyeza. Dirisha jipya likafunguka.

"Hili ni dirisha la kuangalia kompyuta inafanya nini sasa hivi. Kama halina maandishi mengi, bofya palipoandikwa maelezo zaidi. Sasa tafuta neno Performance. Maana yake utendaji. Bofya."

Ikatokea michoro yenye mistari inayopanda na kushuka.

"Hiyo mistari nimeizoea," Bisibisi alisema. "Kama ya kupima moyo. Sasa bofya Memory, yaani kumbukumbu."

Mwalimu alibofya. Pembeni juu palionekana ukubwa: gigabaiti nne. Chini palikuwa na maneno madogo na namba. Mwalimu alifuata kwa kidole mpaka akafika kwenye neno Speed.

"Speed ni kasi," alisema. Akasoma namba polepole. "Elfu mbili mia sita sitini na saba. Kisha herufi, MHz."

"Andika kwenye daftari. Hiyo ndiyo kasi ya kumbukumbu ya kompyuta yako. Kwenye kompyuta nyingine utakuta herufi MT/s badala ya hizo. Usishtuke. Namba ndiyo unayoitaka."

"Elfu mbili na kitu si nyingi sana," fundi bomba alisema.

Bisibisi alimtazama. Kisha akavuta kiti, akakaa.

"Shemeji, hiyo si elfu. Hiyo ni milioni. Ni milioni elfu mbili mia sita sitini na saba."

"Za nini?"

Bisibisi alipiga kofi moja. Akasubiri kidogo, akapiga la pili. Chiriku alifuata mikono yake kwa macho. "Kutoka kofi la kwanza mpaka la pili ni sekunde moja. Ndani ya hiyo sekunde, ikitumia nguvu zake zote, kumbukumbu hii inaweza kupeleka au kuleta mzigo mara bilioni mbili na milioni mia sita sitini na saba. Na kila mzigo una ukubwa wa kama herufi nane."

Nje, mtu alipita na toroli lenye gurudumu linalolia. Hata hilo lilionekana kwenda polepole mno.

Mwalimu alikuwa mtu wa hesabu. Alichukua penseli. "Tuseme mtu anahesabu moja kila sekunde," alisema. "Siku moja ina sekunde elfu themanini na sita na mia nne." Aliandika. Akazidisha kwa siku za mwaka. Akagawanya. Alipomaliza, alirudia tena kuanzia mwanzo, kwa sababu hakuamini. Jibu likatoka lile lile.

"Miaka themanini na minne na nusu," alisema.

Wote wakageuka kumtazama Bibi.

"Mnanitazamia nini?" Bibi aliuliza.

Mwalimu alikwenda kuchuchumaa mbele ya kiti chake. "Mama, fikiria hivi. Siku uliyozaliwa, uanze kuhesabu. Moja kila sekunde. Usilale, usile, usiolewe, usinyamaze hata mara moja. Uhesabu mpaka leo. Hiyo ndiyo idadi."

"Ndiyo idadi ya nini?"

"Ya mizigo inayobebwa na kile kipande chembamba ulichokiona mezani. Kwa muda huu." Mwalimu akapiga kofi moja, akasubiri, akapiga la pili.

Bibi alitazama kompyuta. Akatazama viganja vyake mwenyewe, vilivyokunjamana. "Sekunde zangu zote?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Na zile za kumsubiri babu yao arudi? Na za kuwazaa wote saba?"

"Idadi yake tu, mama," Bisibisi alisema. "Yaliyokuwa ndani yake haiwezi kuyabeba."

Bibi alitikisa kichwa polepole. Macho yalikuwa yamemjaa maji, lakini alikuwa akitabasamu. "Haya ni makubwa. Na mtu amekaa mahali akakitengeneza."

Mama yake alipokwisha kumfafanulia, Chiriku aliweka kiganja juu ya kompyuta. Ndivyo alivyozoea kusikia. Ngoma aliisikia kwa kiganja, na mlango ukigongwa, na paka akikoroma. Alifumba macho. Akakaa hivyo kwa muda. Kisha akafumbua na kuuliza kwa mikono, "Mbona sihisi kitu?"

Bisibisi alisubiri mwalimu amtafsirie. "Mwambie mkono wa mtu hauwezi. Inapita haraka mno. Lakini ndani mna kijipande cha jiwe, kidogo kuliko punje ya mchele. Umeme ukikipitia kinatetemeka, bila kukosea. Mapigo yote ya ndani yanaanzia kwenye mtetemo huo."

Chiriku alirudisha kiganja. Safari hii hakuuliza. Alitaka tu kuwa karibu nalo hilo jiwe.

Fundi bomba alikuwa na swali. "Sasa kama ina mbio zote hizo, kwa nini inaganda?"

"Swali zuri, shemeji. Haikwami kwa sababu ya kasi. Inakwama kwa sababu ya ukubwa." Bisibisi alionyesha meza waliyokaa. "Kumbukumbu ni kama meza hii. Diski inayohifadhi video zenu ni kama kabati lile. Mkitaka kula, mnatoa sahani kabatini, mnaziweka mezani. Hii meza ina nafasi ya sahani nne. Akija mgeni wa tano mnafanya nini?"

"Nainuka, narudisha kitu kabatini," mwalimu alisema.

"Na akija wa sita, unainuka tena. Mwisho unashinda kwenye kabati, na chakula hakiliwi. Kompyuta yako ndivyo inavyofanya. Fungua ile programu ya video tuone, lakini acha dirisha hili wazi."

Mwalimu alifungua. Aliongeza vipande vya video kimoja kimoja. Mstari wa kumbukumbu ukapanda. Ukapanda mpaka ukagusa karibu na juu kabisa. Hapo hapo skrini ikaganda.

"Meza imejaa," fundi bomba alisema.

"Imejaa. Kwa hiyo unahitaji meza kubwa zaidi. Sasa soma pale palipoandikwa Slots used. Maana yake ni nafasi zilizotumika."

Kompyuta ilipotulia, mwalimu alisoma. Nafasi moja kati ya mbili. Ndiyo ile nafasi tupu waliyoiona.

"Utaongeza kipande cha gigabaiti nane," Bisibisi alisema. "Kiwe kizazi cha nne, kifupi kama hiki, cha kompyuta mpakato. Na kasi yake iwe sawa na ya mwenzake. Kasi tunaitafuta kwa ajili hiyo. Ukimfunga mwenye mbio pamoja na mzito, wote wawili watakwenda mwendo wa mzito. Kazi itafanyika, ila utakuwa umeipoteza ile kasi uliyo nayo."

"Na kama kompyuta imekufa, haiwaki?" fundi bomba aliuliza. Sasa alikuwa anataka kujua kila kitu. "Kasi nitaijuaje?"

"Soma karatasi iliyobandikwa kwenye kipande chenyewe. Hapa utaona PC4, kisha 2666. Ile PC4 ni kizazi cha nne. Namba inayofuata ni kasi."

"Dirishani iliandikwa 2667," mwalimu alisema.

"Wewe mwalimu, huachii hata moja! Ni kitu kile kile. Mmoja ameiongeza kidogo, mwingine ameipunguza kidogo. Vipande vingine huandikwa 21300, na hiyo pia ni kasi hii hii iliyotajwa kwa kipimo kingine. Ukipata shaka, uliza muuzaji. Jambo moja tu mkumbuke. Karatasi inakwambia kasi ambayo kipande kinaiweza. Dirisha linakwambia kasi kinayotumia sasa hivi."

Fundi bomba aliomba daftari. Akayanakili yote kwenye kipande cha karatasi kwa mkono wake mzito. DDR4. Cha kompyuta mpakato. Gigabaiti nane. Kasi 2666. Akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati, akaondoka.

Dukani, muuzaji alikikagua kile kipande cha kwanza. Aliona ni kizima, akakubali kubadilisha. Akaleta kingine.

"Hiki hapa. Gigabaiti nane, DDR4."

Fundi bomba alikigeuza. Akasoma karatasi yake ndogo. Akasoma iliyobandikwa kwenye kipande. "Ndugu yangu, hiki ni 2400."

"Kitafanya kazi tu, mzee."

"Kitafanya, lakini kitamvuta mwenzake nyuma. Naomba cha 2666."

Muuzaji alimtazama, akatazama ovaroli yake yenye madoa ya gundi ya mabomba. "Wewe ni fundi kompyuta?"

"Fundi bomba," alijibu, na kifua kikamjaa.

Aliporudi nyumbani, alizima kompyuta. Akachomoa waya. Akatenganisha betri. Akagusa mguu wa kiti. Alifanya yote hayo bila kuambiwa, na Bisibisi akiwa amekaa tu, amekunja mikono. Alilinganisha pengo la meno. Likalingana. Akakiingiza kipande kwa mshazari, akakilaza polepole kwa vidole viwili. Vibanio vya pembeni vikakishika.

Tik.

Kilikuwa kimeingia bila nguvu yoyote. Fundi bomba alibaki amekitazama. "Yaani chenyewe kilikuwa kinataka kuingia," alisema.

Waliwasha. Ctrl, Shift, Esc. Gigabaiti kumi na mbili. Kasi 2667. Nafasi mbili kati ya mbili. Mwalimu alianza kazi hapo hapo. Alama ishirini, hamsini, mia. Mstari ulipanda kidogo, ukatulia katikati kama maji ya kisima. Ijumaa jioni, alama zote mia tatu zilikuwa somo moja.

Jumamosi wazazi tisa walikaa kwenye viti vidogo vya darasani, magoti yakiwa juu. Mwalimu aliunganisha kompyuta na projekta. Chiriku akatokea ukutani, mkubwa kuliko mtu mzima, na mikono yake ikaanza kusema.

Nyuma kabisa alikaa mwoka mikate mmoja. Alikuwa baba wa mvulana wa miaka saba aliyesoma shuleni hapo. Mke wake alikuwa amefariki mtoto akiwa mchanga. Unga ulikuwa umejificha kwenye kucha zake. Miaka yote alimwita mwanawe kwa kumshika bega, na kumweleza mambo kwa kumwonyesha kidole.

"Mwalimu, samahani," alisema. "Ile ya 'baba'. Naomba urudie."

Mwalimu alirudia. Video ilirudi mara moja, bila kusita.

"Samahani, tena."

Akarudia tena. Alirudia mara kumi na zaidi, na kila mara Chiriku wa ukutani aliinua mkono na kuushusha vizuri, bila kuganda. Wale wazazi wengine hawakulalamika. Wote walikuwa wameinua mikono yao pia.

Wakati wa mapumziko, mwoka mikate alitoka nje. Mwanawe alikuwa uwanjani, anapanga vizibo vya chupa kwenye mstari. Baba alipiga magoti mbele yake kwenye vumbi. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa kukanda unga. Akasema kwa mikono, neno moja moja.

"Mimi. Baba. Yako."

Mvulana aliacha vizibo. Aliitazama ile mikono. Akautazama uso. Akaitazama mikono tena, kwa muda mrefu, kana kwamba imeota mbele yake sasa hivi. Kisha akagusa paji lake la uso kwa ncha za vidole.

Mwoka mikate aligeuka. "Mwalimu! Amesema nini?"

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni.

"Amesema, 'Najua.'"

Mvulana alikuwa bado hajamaliza. Mikono yake ilianza tena, ikaongeza mwendo, ikawa inaruka mbele ya kifua chake, na macho yake yaking'aa.

"Subiri!" baba yake aliita, akicheka na kulia kwa pamoja. "Polepole, mwanangu, subiri!"

Mtoto hakusubiri. Alikuwa na mambo ya miaka saba ya kusema.